Amplifaya Iliyozidi Spika za Somoe

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, spika ya mke wangu ilichanika mbele ya wageni, na mkono uliokuwa kwenye kitufe cha sauti ulikuwa wangu. Kaa kidogo nikueleze. Na wewe sasa umeanza kujenga nyumba yako, na mwenye nyumba hujifunza mapema, au hujifunza kwa machozi.

Wakati huo nilikuwa fundi redio hapa Mtwara, kijana niliyeishia darasa la saba, mwenye haya kupita kiasi. Baba yangu, Mngoni wa Songea, alikuja kufanya kazi bandarini, nami nikazaliwa hapahapa. Palipokuwa na watu, ulimi wangu uligeuka jiwe. Hata posa yangu walinisemea wengine. Mimi nilikaa nikitazama vidole vya miguu yangu. Lakini mikono ilikuwa hodari. Niliunda amplifaya kwa transfoma na transista za mashine iliyokuwa ikipigia muziki ukumbini. Ilikuwa nzito, ya kubebwa na watu wawili. Nilipoiwasha, mtaa mzima ulijua kwamba nipo. Nisichoweza kukisema kwa mdomo nilikipigia muziki, nikadhani huo ndio uanaume.

Mke wangu Somoe ni Mmakonde wa Kilambo, kule kwenye kivuko cha mto Ruvuma. Kwao mjomba, ndugu wa mama, ndiye mwenye neno. Yeye hupokea posa, na ndoa ikitikisika yeye husuluhisha. Mjomba wake, Mzee Chilumba, aliwahi kufanya kazi ng'ambo ya mto, Msumbiji, akarudi na spika mbili za mbao zenye karatasi nyepesi usoni. Somoe alikua akizisikia sebuleni kwa mjomba, zikipigwa kwa redio ndogo tu, watoto wakisinzia chini kwenye mkeka. Tulipooana, mzee akampa. Kwa Somoe hazikuwa mbao na karatasi. Zilikuwa kwao.

Sasa, kuna spika zilizo kama mtu mwenye masikio mepesi: ukinong'ona, anasikia. Zile zilikuwa za namna hiyo, na amplifaya yangu ilizaliwa kupiga kelele ukumbini. Jioni Somoe akikaa kusuka ukili, akitaka wimbo wa taratibu, mvumo wa umeme ulijaa chumba kama nyuki na wimbo ukazama humo. Nikiongeza sauti ili niufunike mvumo, karatasi zilitetemeka kwa uchungu. Somoe aliniambia kwa upole, "Fundi, ipunguze nguvu hiyo mashine. Nataka kumsikia anayeimba."

Nikamjibu kwamba nitaangalia. Sikuangalia.

Jumapili hiyo walikuja vijana wa bandarini. Wakanichokoza kwamba mashine yangu ni kubwa kwa umbo tu, ndani hamna kitu. Nami, kama kawaida yangu, nikajibu kwa kitufe. Spika ya kushoto ikatoa mlio kama kitenge kinachochanwa, ikanyamaza. Mmoja wao akasema, "Hiyo imeitika." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika, na siku ile debe nilikuwa mimi.

Somoe alitoka jikoni, akaja akaigusa ile karatasi iliyochanika. Nikataka kumfariji, nikasema neno baya kuliko tendo lenyewe: nitakununulia nyingine, kubwa zaidi.

"Mimi sikuomba kubwa," akasema.

Kesho yake asubuhi aliifunga spika ile ndani ya kanga, akaenda nayo kwa mjomba wake.

Nilimngoja siku kadhaa nikitumaini atarudi mwenyewe. Aliye na haya, mwanangu, hutumaini sana mambo yajimalize. Hakurudi, nikamfuata Kilambo. Nilimkuta Mzee Chilumba barazani, ameilaza spika kwenye magoti, anabandika ule ufa kwa vipande vya karatasi ya kusokotea sigara na gundi nyembamba. Aliponiona tu, akawaambia watoto wa nyumba, kwa ule utani wa makabila yetu wa kuwaita Wangoni wateka mifugo, "Ingizeni mbuzi ndani, Mngoni kaja." Watoto wakacheka. Nilitaka kucheka nao, nikashindwa.

Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea kubandika. Ndipo nikajikaza kumweleza nilichokuwa nimefikiri njia nzima: kwamba nitaing'oa hiyo karatasi, niweke ngumu inayoweza kuhimili nguvu za mashine yangu. Akaiweka brashi chini.

"Sikiliza, mkwe wangu. Hii spika haikukosea kitu. Wewe ndiye uliyekuja na nguvu ambazo hakuna aliyeziomba, halafu unataka aliyeumia ndiye abadilike. Na huyu mtoto wangu, naye utambadilisha karatasi?"

Alisema kwa sauti ndogo, na ndiyo maana iliingia. Akaongeza kwamba Somoe atakaa pale mpaka mimi mwenyewe nisikie kile ambacho mke wangu amekuwa akikisikia nyumbani kwangu. Somoe aliniletea chai, akaiweka, akarudi ndani.

Nikarudi mjini, nikaifungua mashine. Niliing'oa ile transfoma kubwa, na nakuambia kweli, iliniuma, maana ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Nikaweka ndogo, ya redio mbovu. Nikabadilisha rezista, ili sauti isikuzwe kupita haja ya zile spika. Nikaweka kapasita mpya za kutuliza umeme. Nyaya za sauti, ambazo mwanzo nilizifunga pamoja na nyaya za umeme kwa uvivu tu, nikazitenga. Kila nikibadilisha kitu, niliweka sikio kwenye spika moja iliyobaki, bila wimbo wowote, nikausikiliza mvumo. Ulipungua kidogo kidogo, kama maji yanavyokupwa. Ikafika alasiri moja nikadhani nimesahau kuwasha. Nikatazama: taa inawaka. Ilikuwa kimya.

Na ndani ya kimya kile nikaisikia nyumba yangu. Hakuna fagio uani. Hakuna sufuria. Hakuna Somoe akijiimbia kichinichini huku anasuka. Na nikajiuliza, je, alipokuwepo nilikuwa namsikia? Mvumo wangu ulikuwa umenificha hata sauti yake. Nilikaa pale sakafuni nikalia, wala sioni aibu kukuambia.

Nikaenda tena Kilambo kwa bodaboda, amplifaya sasa inabebeka kwapani, spika imefungwa nyuma. Mzee Chilumba akazipanga spika zote mbili sebuleni. Somoe akaja, akachagua wimbo kwenye simu yake mwenyewe, akazungusha kitufe kwa vidole viwili tu. Wimbo ukatoka mdogo na mkamilifu, hata pumzi ya mwimbaji ilisikika kabla ya neno. Mzee akafumba macho. Mimi moyoni nikasema kazi imekwisha, sasa atafunga mizigo twende.

Somoe akazima.

"Mashine imesema," akaniambia. "Sasa sema wewe, Fundi."

Mwanangu, mjomba yupo, mama mkwe amesimama mlangoni, watoto wamekodoa macho. Nilitafuta mtu wa kunisemea, hakuna aliyejitolea. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Nikasema, "Nyumba imenyamaza, Somoe. Nilikuwa naogopa kuongea, ndiyo nikawa napiga kelele. Nilikuumiza. Naomba turudi." Hayo nimekupangia mimi sasa; siku ile yalitoka vipande vipande, na mengine hayakutoka kabisa.

Somoe akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Kumbe sauti yako ndiyo hiyo," akasema. "Mbona inatosha."

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukikabidhiwa mtu, usimpime kwa nguvu zako. Zipime nguvu zako kwake. Kilicho laini hakina kasoro, kinataka mkono unaokijua. Mwenzako akikuambia kwa upole punguza, punguza siku hiyohiyo, maana upole ukichoka hufunga mzigo. Na kama una haya, kama nilivyo mimi mpaka leo, usitafute kitu cha kukusemea, uwe muziki, ziwe fedha, iwe ngumi. Jirekebishe kwanza, lakini usiishie hapo ukangoja kusifiwa. Fungua mdomo. Neno dogo lenye kigugumizi, likitoka kwako mwenyewe, linafika.

Mungu akupe nyumba ambamo hata mnong'ono unasikika. Akupe sikio la kumsikia mwenzako akiwa bado yupo karibu nawe. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akujalie mzee wa kukukaripia kwa sauti ndogo, na mwenzi atakayezima vyote ili akusikie wewe. Amina.