Kucha za Paka, Mkono wa Mama

Mtaa mzima ulimwita Sikio. Alikuwa mama wa makamo, fundi wa redio na spika, na kifaa kikiletwa kwake alikisikiliza kwanza ndipo amsikilize mwenyewe. Kibandani alikuwa na meza moja, taa ya kuinama na makopo ya skrubu. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu ubovu wa kitu, na alijivunia hilo kuliko hata ufundi wenyewe.

Asubuhi moja kinyozi wa mtaa wa nyuma aliingia amekumbatia spika kubwa kama mtoto mwenye homa. Karatasi yake ya mbele ilikuwa imechanwa mistari minne.

"Ni paka, dada," alisema. "Miaka sita ninaishi naye, hajagusa hata kiti. Juzi kaiparamia kana kwamba kuna panya ndani."

"Iache. Nitakuletea nyumbani kesho kutwa."

Sikio alikata vipande vya karatasi ya vipakiti vya chai, akavipaka gundi, akabandika. Vikabanduka. Akabandika tena, vikateleza. Akapitisha kidole juu ya karatasi ya spika, akakinusa. Samaki wa kopo. Tena mafuta yalikuwa yamezungushwa duara zima, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto akitoka kuoga. Paka hana mkono wa namna hiyo.

Alicheka peke yake mpaka bisibisi ikamponyoka. Kisha akafuta mafuta kwa spiriti, akabandika upya, na safari hii vikashika.

Siku ya kupeleka, alimkuta mama wa kinyozi kwenye kochi, paka mapajani. Mwanawe alikwenda chumbani kutafuta waya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

"Imepona. Ila gundi ilinisumbua. Ilikuwa na mafuta."

Mama alimkuna paka shingoni. "Mafuta. Makubwa hayo."

"Ya samaki."

"Huyu hali kistaarabu," mama alisema, akimtazama paka. Halafu akashusha sauti. "Mwanangu, kila alfajiri vikombe vinatembea kabatini kwa kishindo cha spika hiyo. Nimesema mpaka nimechoka kusema. Nikaona nimwachie paka naye aseme."

Kinyozi akarudi na waya. Spika ikaimba vizuri, na mkono wa kinyozi ukaelekea mbio kwenye kitufe cha sauti. Hapo Sikio, bila kujua ameamua lini, akatoa rangi ya kucha mkobani na kuweka tone jekundu pembeni mwa kitufe.

"Usivuke hapa. Karatasi yenye viraka haistahimili kishindo."

Ilikuwa kweli nusu. Ile nusu nyingine aliimeza, nayo ikamkwaruza koo njia nzima kurudi kibandani.

Kinyozi alitii, maana aliipenda spika kuliko kelele zake. Baada ya wiki alipita kumwambia Sikio kwamba sasa anasikia hata maneno ya nyimbo, na kwamba mama yake huimba pamoja naye. "Tena anakosea," aliongeza, akionekana kufurahi.

Mwezi haujaisha, wanawake watatu walifika kibandani, kila mmoja kwa siku yake, na redio isiyo na ubovu wowote, wakiuliza kama ile rangi ya kucha bado ipo. Wawili wa kwanza Sikio aliwaambia imekwisha. Wa tatu, ambaye redio ya mumewe husikika mpaka kibandani, Sikio alimwonea huruma, akafungua mkoba.