Diski ya Pili ya Mtaalamu

Mtaani walimwita Mtaalamu, na jina hilo halikuwa sifa. Pasi aliifungua ikakoma kupata moto. Feni aliifungua ikawa inazunguka kinyumenyume. Mkewe, fundi cherehani, alimezea yote hayo, maana mume ni wako hata akiwa kero. La leo halikumezeka.

Alirudi kutoka kununua bitana, akaweka laptopu yake kuukuu kando ya cherehani ili asikilize sidii yake huku akishona kola, kama alivyozoea. Akapapasa ubavuni mwa laptopu. Kitufe hakipo. Mahali pa kuingizia sidii pamezibwa kwa kipande cha plastiki.

"Nimekuwekea diski ya pili," alisema mumewe, amejikalia kama bwana harusi. "Kile kidude cha sidii nimekitoa. Nani anatumia sidii siku hizi? Sasa una nafasi ya kuhifadhi dunia nzima."

"Sidii iliyokuwa ndani iko wapi?"

"Ndani ya nini?"

Hapo akajua. Mwanamume mzima kafungua skrubu zote, kachomoa kidude, wala haikumjia akilini kutazama kama kina kitu tumboni. Na sidii ile ilikuwa moja tu, haina nakala. Hasira ikampanda hadi utosini.

"Umekitupa wapi?"

Mtaalamu akaonyesha dirishani kwa kidevu. Pipa la taka.

Alitoka mbio, akapekua maganda ya viazi, majivu na matambara, majirani wanamkodolea macho na yeye hana habari nao. Akakipata chini kabisa. Kidude kama hicho hakifunguki bila umeme, ila usoni kina kitundu kidogo, nao mafundi cherehani hawakosi pini. Akachomoa moja ukosini mwa gauni lake, akaisukuma kwenye kitundu. Kisahani kikachomoza. Sidii ilikuwemo, nzima. Aliifuta kwa upindo wa gauni, na hasira haikupungua hata chembe.

"Umeipata, basi yaishe," mumewe alisema alipomwona anaingia. "Mama watoto, unachemka hivyo kwa ajili ya masomo ya kushona? Wewe si fundi tayari? Huyo mwalimu hana jipya la kukufundisha."

"Mwalimu gani?"

"Huyo anayefoka kila siku. Sijui mkasi ni butu, sijui kola imepinda. Si ulimnunua sokoni huyo?"

Mke alimtazama mpaka mwenyewe akaanza kujikuna shingo.

"Ni dada," alisema. "Alijirekodi akifundisha wanafunzi wake, kabla hajaugua."

Mtaalamu akaacha kujikuna. Shemeji yake huyo aliishi nao humu miaka miwili. Alimpikia, alimfulia, alimtania mezani asubuhi na jioni. Jeneza lake Mtaalamu alilibeba begani. Na tangu siku hiyo sauti yake imekuwa ikisema ndani ya chumba hiki, karibu na kiti chake, wala hakuwahi kuuliza ni ya nani.

Mkewe akaokota bisibisi, akamtia mkononi, akavuta kiti akaketi mbele yake.

"Toa hiyo diski yako," alisema. "Rudisha kidude mahali pake. Halafu utakaa hapo hapo umsikilize shemeji yako mpaka amalize."