Mwaliko Usiopiga Hodi

Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyeoa wala kuolewa katika mtaa wa wafuma hariri wa mji wa Margilan bila Sanobar kupita kwanza. Kazi yake ilikuwa kubisha hodi. Familia ikishapanga siku ilimwita, ikamtajia nyumba, naye akafunga kitambaa chake cheupe na kutoka, mlango hata mlango, akitangaza pilau la alfajiri kwa wanaume na sherehe ya jioni kwa wote. Kila mwenye nyumba alimpa mkate kwa habari ile njema. Kumrudisha mwalikaji mikono mitupu kulikuwa aibu, na kuukataa mwaliko kulikuwa aibu kubwa zaidi. Watu walikopa viatu wakaenda.

Sanobar alipenda kujua mambo kabla ya wenyewe, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Zilipokuja simu za kisasa na vijana wakaanza kutumiana kadi zenye maua na muziki, alinuna mwaka mzima. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema, akisahau kwamba aliyekuwa akitembea miaka yote ni yeye. Lakini kununa hakujazi sufuria, basi naye akanunua simu. Akaandika humo watu mia tatu na arobaini, kwa majina aliyowapa mwenyewe: Fundi Kiatu, Mama Mbuzi Mkali, Pacha wa Juu, Pacha wa Chini. Mialiko ya mbali akaituma kwa simu. Ya mtaani aliendelea kuipeleka kwa miguu.

Jumanne moja mwezi wa tisa, harusi zikiwa zimepamba moto, alipokea ujumbe kutoka kwa Zulayho, mke wa mfumaji wa nyumba ya tatu. "Tunawakaribisha kwenye harusi yetu. Fungua kadi."

Zulayho anaoza mtoto, na hakumwita! Sanobar alihisi masikio yakiwaka. Akabonyeza. Simu ikamwuliza kama anaruhusu kitu hiki kiingie. Akaruhusu. Ikamwuliza kama kinaruhusiwa kusoma ujumbe wake. Akaruhusu tena, bila hata kumaliza kusoma, maana maishani mwake hajawahi kumwambia aliyemwalika angoje kwanza. Kadi haikutokea. Ulibaki weupe mtupu kwenye kioo.

Mkwewe Dilorom, anayeuza dawa dukani, alikuwa amerudi kula chakula cha mchana.

"Zulayho anaoza," Sanobar alimwambia, "na mimi kaniruka kama dimbwi."

"Anamwoza nani, mama? Binti yake ana miaka tisa."

Hilo Sanobar alilijua, tena kuliko mtu yeyote.

"Hebu niione hiyo simu." Dilorom aliitazama, na kijiko kikabaki bakulini. "Umebonyeza ruhusu?"

"Mwaliko nao unakataliwa?"

"Huu si mwaliko, mama. Ni mwizi kavaa nguo za harusi. Zulayho naye kaibiwa jina. Kila ujumbe unaoingia humu sasa wanausoma wao, na benki ikituma namba ya siri wanaipata kabla yako."

Alizima mtandao, akachomoa laini, kisha akapigia benki kwa simu yake mwenyewe ili kadi ya mama mkwe ifungwe. Ikafungwa, ila pensheni ya mwezi ilikuwa imeshakwenda. Njaa Sanobar alishaiona, haikumtisha. Kilichomtisha ni maneno yaliyofuata.

"Simu yako imetuma kadi ileile kwa watu wako wote. Kwa jina lako."

"Wote?"

"Mia tatu na arobaini. Na wataifungua, mama. Wewe ukialika, nani atajiuliza?"

Mtu wa kwanza kumjia kichwani alikuwa Oyimkhon, mjane wa nyumba ya mwisho ya mtaa, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili, ambaye siku hizi alifuma kwa kupapasa. Mwanawe aliyekuwa kibarua ughaibuni alikuwa ametuma pesa za upasuaji kidogo kidogo kwa miaka miwili. Zilikuwa zimekaa kwenye kadi yake ya benki, na upasuaji ulikuwa Jumatatu.

Dilorom alinakili namba na kuanza kupiga. Ya Oyimkhon iliita mpaka ikachoka. Kwa kelele za kile kitanda cha mfumi alichofumia hariri, hata radi asingeisikia. Wengine hawakupokea kwa kuwa namba ilikuwa ngeni kwao.

"Endelea kupiga," Sanobar alisema, akifunga kitambaa chake. "Mimi milango naijua."

Nyumba ya Oyimkhon ilikuwa ya mwisho mtaani, na kufika kwake kulimlazimu kupita mbele ya watu wote.

"Sanobar-opa," mwanamke mmoja aliita kutoka langoni, simu mkononi, akitumia jina la heshima la dada mkubwa, "umetutumia mwaliko. Harusi ya nani tena?"

"Usiufungue. Nimedanganywa mimi, na nyie mnadanganywa kwa jina langu."

Kulisema hilo kulimuuma kuliko goti lake. Miaka yote alipeleka furaha za watu, leo anatembeza aibu yake mwenyewe. Fundi Kiatu alikuwa ameshafungua.

"Zima mtandao, pigia benki wafunge kadi. Sasa hivi, kaka, usimalize hata hiyo soli."

"Mimi nilijua umenialika wewe," fundi alisema taratibu. Sanobar alikaza mwendo.

Kwa Oyimkhon alibisha hodi akaingia bila kungoja. Kitanda cha mfumi kilikuwa kimya. Oyimkhon alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mapajani, amekunja uso.

"Opa," Sanobar alisema akihema, "ile kadi. Umeifungua?"

"Sikuifungua."

Sanobar aliketi palepale kizingitini. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Naona maua, naona neno fungua, limeandikwa kubwa kama la watoto wa shule," Oyimkhon aliendelea, bado kanuna. "Nikasema, leo Sanobar amekuwa mkubwa. Miaka thelathini anakuja mlangoni kwangu, sasa ananirushia kadi kama naishi mji mwingine. Sifungui, nikasema. Akinitaka atakuja. Haya, umekuja. Harusi ya nani?"

"Hakuna harusi, opa. Ni wezi. Walitaka pesa za macho yako, na njia niliwafungulia mimi."

Akamweleza yote, hata lile la kununia harusi ya binti wa miaka tisa. Oyimkhon alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akapapasa rafu, akateremsha mkate na kumwekea mikononi.

"Opa, sikuleta harusi."

"Umekuja mwenyewe," Oyimkhon alisema. "Shika mkate wako. Nyumba ulizoziruka bado zinakungoja."