Bulandina na Simu ya Afande

Bulandina Kabugho akiitwa mahali kwa sababu programu ya hesabu imemkataa mwenye nayo, kitu cha kwanza anachofanya ni kukataa kuigusa kompyuta. Anavuta kiti, anakaa pembeni, anaingiza mikono yote miwili chini ya kitenge alichojifunga, kisha anasema, "Haya, nionyeshe vile unaingiaga kila siku." Wapo wanaodhani ni maringo. Wananung'unika kwamba wamemtoa mtu Kasese aje akae kama mgeni wa harusi.  Yeye anatazama vidole vya mwenye kompyuta zaidi kuliko anavyotazama kioo.

Msije mkadhani ni mtu wa chuo kikuu. Bulandina alianza na taipu, katika chumba kimoja karibu na soko la Kasese, akipiga barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Baadaye taipu ikawa kompyuta, na siku moja mwenye duka la mabati akaingia na kompyuta yake kwapani, amefungiwa nje ya hesabu zake mwenyewe, maandishi mekundu yamejaa kioo. Bulandina hakujua lolote. Alichofanya ni kunakili yale maandishi mekundu katika daftari la shule, neno kwa neno, na kumwuliza yule bwana maswali mpaka jua likageuka. Kumbe bwana alikuwa akiandika anwani yake ya barua pepe na kuacha nafasi moja tupu mwishoni, kama mtu anayevuta pumzi baada ya kusema. Bulandina akaliandika na hilo, chini ya yale mekundu.

Sasa yuko kwenye daftari la tatu. Humo yumo mwenye samaki wa Katunguru, ambaye kitufe cha herufi moja kilikuwa kimegandishwa na gamba la samaki aina ya ngege. Yumo mama wa chumvi wa Katwe, aliyepoteza laini yake ya simu, na namba za kumtambulisha zikawa zinatumwa kila asubuhi kwa mtu asiyemjua, ambaye naye alikuwa amechoka kuzipokea.

Na mikono chini ya kitenge? Hiyo ina habari yake. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akiwafungulia watu kwa mikono yake. Mteja mmoja akakuta baadaye kurasa zake kadhaa hazionekani, akatangaza sokoni kwamba anayejua njia ya kuingia mle ni Bulandina. Wiki mbili zikapita, kurasa zikaonekana. Mwenyewe ndiye aliyezificha kwa kubonyeza asipopajua. Akashukuru Mungu, akaendelea na biashara yake. Lakini hakurudi sokoni kusema kwamba Bulandina hakuhusika, na mpaka leo kuna watu pale ambao wakimwona anapita wanavuta mikoba yao karibu kidogo. Tangu hapo hagusi kompyuta ya mtu.

Kwa hiyo Nobert alipompigia simu kutoka Bwera, hakuhitaji kumweleza mara mbili. Nobert ni mwandishi wa hesabu wa chama kidogo cha wakulima wa kahawa, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Programu ilikuwa imekataa kufunguka kwa siku tisa. Kamati ilikuwa inakutana siku ileile saa nane mchana, na mwenyekiti alikuwa ameshatoa amri: ikifika saa nane haijafunguka, Nobert atakabidhi funguo za ofisi na wote watakwenda polisi.

"Hawasemi mashini imekataa, madamu," alisema. "Wanasema ni mimi nimekataa."

Bulandina alifunga chumba chake, akatia daftari mkobani. Saa tano alikuwa Bwera.

Ofisi ya chama ni chumba cha mbele cha ghala, na ukisimama mlangoni unayaona malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe. Pale, simu husahau nchi yake. Unaamka asubuhi, imekamata mtandao wa ng'ambo na saa imerudi nyuma, maana wenzetu wa Congo wako nyuma yetu kwa saa moja. Ndiyo sababu Bwera mtu akikuambia mkutane saa nne hukimbilii kukubali. Unauliza kwanza: saa ya wapi?

Swali hilo mwenyekiti alikuwa halipendi. Jina lake Ocen, lakini hakuna anayemwita hivyo, ni Afande. Mtu wa kaskazini, alitumikia jeshi miaka ishirini na sita, akaoa huku, akapanda kahawa, akabaki. "Saa ni moja tu," huwaambia watu. "Saa ya kazi." Walimchagua kwa ajili ya ukali huohuo, na simu ya chama inakaa mfukoni mwake. Mpango wao ulikuwa mzuri: Nobert anajua nenosiri, Afande anashika simu, na simu ile hutoa namba sita zinazobadilika kila nusu dakika. Bila neno la mmoja na namba za mwingine, hakuna anayeingia. Mpango mzuri kweli, mpaka siku mlango ulipogoma na kila mmoja akabaki kumtazama mwenzake.

Bulandina aliwakuta hivyohivyo, mmoja huku wa meza na mmoja kule. Nje kwenye benchi wanakamati walikuwa wameanza kufika mapema mno, kama watu wanaowahi nafasi uwanjani siku ya mpira. Mama Resty, aliyekaa chini ya dirisha, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani kwamba labda Nobert ameumeza ufunguo, wamlishe papai wangojee. Benchi zima likacheka. Nobert alitazama viatu vyake.

"Mimi nasoma, yeye naandika, mashini nakataa," Afande alimwambia Bulandina kabla hajakaa vizuri. "Mwongo iko mmoja hapa ndani."

Bulandina akaingiza mikono chini ya kitenge, akaomba aonyeshwe. Nobert akaandika nenosiri, likakubaliwa. Afande akavaa miwani, akazisoma namba moja moja kama anayeita majina kwenye gwaride. Nobert akaandika. Maandishi mekundu: namba si sahihi. Wakarudia, wakarudia tena. Mara zote tatu vidole vya Nobert viliandika kile Afande alichosoma, na mara zote tatu Afande alisoma kile simu ilichoonyesha. Bulandina akajiambia kwamba watu hawa wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo kazi ilipo.

Nobert akakiri kwa sauti ya chini kwamba katika siku zile tisa alibadilisha nenosiri mara mbili, akidhani ndilo bovu. Afande aligonga meza kwa kidole kimoja. Hilo ndilo lililokuwa limewafanya watu waamini kwamba anaficha kitu.

Mwingine hapo angeuliza nani aligusa nini. Bulandina haulizi hivyo, kwa kuwa ameona jinsi swali lile linavyowafunga watu midomo. Yeye huuliza habari za siku. Akamgeukia Afande, akataka kujua siku ile moja kabla ya mambo kuharibika ilikuwaje kwake, tangu asubuhi.

Afande alimtazama juu ya miwani. Halafu, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwuliza habari za siku yake kwa muda mrefu, akasimulia. Ilikuwa Jumapili. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa anabatizwa, na yeye ndiye aliyepangwa kumbeba mpaka mbele. Alitoka nyumbani kwa kufuata saa ya ile simu, viatu vinang'aa, akafika kanisani akakuta watu wanatoka. Mtoto alikuwa ameshapewa jina, amebebwa na mtu mwingine. Simu ilikuwa imelala Congo. Miaka ishirini na sita jeshini, alisema, hakuwahi kuchelewa hata dakika tano. Jioni ile alikaa nayo, akatafuta sehemu ya saa, akaisukuma mbele kwa mkono wake, na akaizuia isijibadilishe tena.

"Sasa iko sawa," alisema, akaiinua karibu na saa ya ukutani. Zilikuwa sawasawa, dakika kwa dakika.

Bulandina angeweza kucheka. Alimfikiria yule mzee na viatu vyake mlangoni mwa kanisa, hakucheka. Akasogeza kiti karibu.

"Afande," alisema polepole, "hii simu na ile programu hazisemezani. Kila moja inaangalia saa yake, inapiga hesabu, inapata namba. Saa zikiwa pamoja, namba ziko pamoja. Simu ikirudi yenyewe nyuma, haikosei. Inajua iko Congo, na inajua huku tuko saa moja mbele. Lakini wewe uliipa saa ya Uganda, nchi ukaiacha ya Congo. Kwa hesabu yake imepita watu wote kwa saa moja. Inakupa namba za saa ambayo haijafika."

 Nje mtu alikuwa akipasua miwa.

"Kwa hivyo mwongo ni mimi," akasema Afande.

"Hakuna mwongo, muzee. Fungua pale pale ulipofungua ile Jumapili."

Alimwelekeza kwa maneno tu, mikono yake haikutoka chini ya kitenge. Afande mwenyewe alitafuta, akapotea, akarudi, akairuhusu simu ijipangie saa na nchi. Bulandina akamwonya kwamba hata ikiamka tena Congo aiache hivyo hivyo, namba hazitakosea. Kwa kanisa na mikutano atafute saa ya mkononi. Kisha Afande akasoma namba sita, sauti yake safari hii si ya gwaride. Nobert akaandika. Maandishi mekundu hayakuja. Ukurasa ukafunguka, na majina ya wakulima yakashuka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine kama kwamba hakuna kilichotokea. Nobert alifunika uso kwa viganja.

Ilikuwa saa saba na nusu. Afande alisimama haraka, akasema imekwisha, wanakamati waingie, kazi ianze. Nobert naye alikuwa tayari kuyaacha yapite. Shukrani ilikuwa imemjaa. Hapo Bulandina angeweza kuchukua mkoba wake. Badala yake alikumbuka soko la Kasese na mikoba inayovutwa karibu. Alijua benchi litasema nini: Nobert ameogopa polisi, ameifungua mwenyewe.

"Afande," alisema kwa sauti ya wao watatu tu, "programu imefunguka. Nobert bado."

 Mzee alibaki amesimama akiitazama ile simu, mataya yakicheza. Ingekuwa rahisi sana kwake kukasirika, na Bulandina alijiandaa kwa hilo. Kisha Afande akanyoosha shati, akaenda mpaka mlangoni, akasimama wima.

"Saa nilisukuma mimi," aliwaambia watu wa benchi. "Kwa mkono yangu. Mashini ikakataa kwa sababu ya mimi. Mwandishi hana kosa, hata kidogo. Siku tisa namwita mwongo, na kila asubuhi anafika kazini. Mutu akiwa na maneno, alete kwangu."

 Mama Resty ndiye aliyeanza. Aliuliza kwa upole mkubwa kama basi lile papai sasa ni la Afande.

"Lete," akasema Afande, na benchi likacheka tena. Mara hii Nobert aliinua macho. Resty alipoingia alimshika Nobert mkono, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko salamu ya kawaida.

Bulandina alitoa daftari lake la tatu, akanakili yale maandishi mekundu kutoka kwenye karatasi ambayo Nobert alikuwa ameyaandika, na chini yake akaandika habari ya saa na nchi. Jina la mzee hakuliweka. Wakamsindikiza wote wawili mpaka barabarani, na Afande akamwomba arudi awafundishe wanakamati, wasije wakatishiana polisi tena. Bulandina akasema Jumanne, saa nne.

Afande alitoa kalamu na kikaratasi, akaandika Jumanne. Kisha kalamu ikasimama.

"Saa nne ya wapi?" akauliza.

Nobert alilazimika kushika nguzo ya umeme, kwa jinsi alivyocheka.