Msamaha Nilioupeleka Mwika

Nilistaafu uuguzi nikiwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Watoto wangu wako Dar na Mwanza, hunipigia Jumapili baada ya ibada, mama unaendeleaje, dakika tano, basi. Nyumba yangu ya Pasua, hapa Moshi, ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Asubuhi nawasha redio jikoni na televisheni sebuleni. Si kwamba nasikiliza. Sipendi tu kujisikia nikimeza chai.

Kwa hiyo kanisa liliponiomba nikae na wazazi wadogo kila Alhamisi, katika chumba cha nyuma kule Njoro, sikujidai kwamba nahitaji muda wa kufikiri. Walikuwa wasichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, wenye watoto mgongoni, na wavulana wawili walioona aibu kuingia mpaka nilipowafokea. Tulichambua maharage huku tukizungumza, maana mtu aliyeumizwa husema vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna anayelazimishwa kusema.

Kulikuwa na mmoja aliyekaa karibu na mlango siku zote. Upepo ukiufunga, alisimama. Alimnyonyesha mwanawe, alimbadilisha nepi, lakini hakumtazama usoni, kama mtu aliyeombwa kumshikia jirani mtoto kwa muda. Kwao ni Mwika, kule juu mlimani. Baba yake alimfukuza tumbo lilipoonekana, akawa anaishi kwa shangazi yake, mtaa wa pili kutoka kwangu.

Miezi mitatu hakusema neno. Mwezi wa nne akaanza kunifuata nyumbani baada ya kikao. Tulikula makande, akaosha vyombo bila kuambiwa, mimi nikamwogesha mtoto. Siku hizo redio sikuiwasha. Nilikuwa nikijiambia namsaidia, na ni kweli nilimsaidia, lakini ukweli mwingine ni kwamba Alhamisi ilikuwa siku pekee niliyopika sufuria kubwa.

Siku moja, mikono yake ikiwa ndani ya maji ya sabuni, aliniambia. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima mwenye familia, rafiki wa baba yake, aliyekuwa akija kuchukua maziwa. Hakumtaka. Hakuulizwa. Alipomweleza mama yake, mama alimwomba anyamaze, kwa kuhofia baba angefanya jambo la kumpeleka jela. Mtu yule akahama, na baba akabaki akiamini kwamba binti yake ni mhuni. Nilimuuliza kama anataka twende polisi, kwenye dawati la jinsia. Akatikisa kichwa.

"Nataka baba ajue sikufanya kosa," alisema. "Basi, bibi. Wewe utaweza kumwambia. Mimi nikifika pale sauti itakata."

Nikamwahidi.

Nilipanda Mwika Jumanne asubuhi. Nilimkuta baba yake shambani akikatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. Akaniamkia, shikamoo mama, nikamwambia natoka Moshi, anakokaa binti yake, akanivutia kigoda, na kabla sijakaa vizuri akasema, "Kama umekuja kwa habari ya yule, kahawa utakunywa, lakini maneno hakuna."

Mimi nimewahi kuwafokea madaktari. Lakini mbele ya uso ule nilinyong'onyea. Nikatazama pembeni, na pale mpakani mwa kihamba chake, shamba la ukoo, masale yalikuwa yamejipanga, ile mimea ya majani marefu, mabichi, yanang'aa. Kila Mchagga anajua kazi ya jani lile. Ukimpelekea mtu isale, jani moja tu la masale, kuomba radhi, hakatai, hata kama anaungua ndani. Wala hadai maelezo. Hicho ndicho kilichonivutia: kwamba maelezo hayahitajiki. Nikavunja jani moja, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Akaweka panga chini, akalipokea. "Aika, mae," akanishukuru, na macho yake yalikuwa na machozi. "Mwambie arudi nyumbani."

Nilirudi Moshi nimevimba kichwa. Niliona nimemaliza kwa dakika kumi kilichowashinda wachungaji.

Jumamosi nikampeleka. Mama yake alikuwa amepika mtori, ule ambao alipaswa kupikiwa alipojifungua, na majirani wamekaa. Baba akamwambia apige magoti. Akamwekea mkono kichwani akasema mbele ya wote, "Nimekusamehe. Hapa hatutalitaja tena." Watu wakasema amina. Binti, bado amepiga magoti, akageuza uso akanitafuta.

Nilipoaga alinisindikiza hadi kwenye uzio.

"Bibi, ulimwambia?"

"Nilimletea isale, mwanangu. Yameisha."

"Kwa hiyo nimesamehewa."

"Ndiyo."

"Kosa gani?"

Nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wangu. Sikuwa natafuta chochote. Nilimwambia apumzike, atakuwa amechoka, nikaondoka.

Hakupokea simu zangu tena. Wiki ya kwanza nilisema mtandao. Wiki ya tatu sikuwa na la kusema. Kule Njoro tuliendelea na maharage, na hakuna aliyekaa karibu na mlango. Nyumbani nikarudi kwenye redio. Nilijichukia, nasema hivyo bila kupamba. Binti yule alikuwa amenikabidhi neno moja nilifikishe, nami kwa woga nikafikisha jingine, nikamwombea msamaha kwa dhambi ya mtu mwingine.

Mwezi ulipokwisha nikapanda tena. Sikuchukua zawadi, na sikugusa jani lolote. Ningempelekea isale, naye ni mtoto wa Kichagga, angelazimika kunipokea, na huyu alikuwa ameshalazimishwa ya kutosha.

Nilimkuta jikoni nje, mtoto mgongoni, akimenya ndizi. Baba yake alikuwa shambani, sauti ya panga ilisikika. Akanipa kigoda.

"Nilikukosea," nikamwambia. "Niliogopa, nikakuuza. Nimekuja kukuomba radhi. Ukikataa, ni haki yako."

Aliendelea kumenya. Akamaliza ndizi moja, akachukua nyingine.

"Hapana, bibi," akasema. "Sijaweza."

Sikuwahi kumsikia akimtamkia mtu hapana. Niliumia, na wakati huohuo nikajizuia nisitabasamu, maana angedhani nacheza.

"Basi niende nikamwambie baba yako sasa hivi. Kila kitu."

"Hapana," akasema tena, safari hii haraka. Akaweka kisu, akanawa mikono, akakaza kanga ya mtoto. Akashuka kati ya migomba.

Sikusikia alichosema; walikuwa mbali, na alisema Kichagga kwa sauti ya chini. Nilisikia panga likikoma. Kisha sauti yake tena, haikukata, ikaendelea, ikaendelea, na baba yake hakuingilia hata mara moja.

Nilingoja kidogo, labda ningeitwa. Sikuitwa. Nikachukua mkoba wangu nikatoka hadi barabarani. Kwetu mgeni husindikizwa. Mimi nilikwenda peke yangu, na sikuona kwamba nimedharauliwa.