Mstari Shingoni mwa Twiga

Nakumbuka Idi moja nilipokuwa msichana mdogo, mwanangu, Idi ambayo baba yangu aligombana na mtu mbele ya nusu ya Msambweni kwa sababu ya kimo changu. Keti hapo kwanza. Simu iweke chini, Hamisi atakusubiri. Nimekusikia ukizungumza naye barazani, wala sikujificha kukusikiliza. Wewe ukishika simu unapiga kelele kana kwamba sauti yako itakwenda kwa miguu mpaka Lungalunga. Umepanga kesho umrudishe Zuhura kule Diani kwenye bustani ya michezo, wakati wa alasiri, huyo Hamisi rafiki yako akiwa zamu pale getini, ili apandishwe vile viti vya kuzunguka hewani alivyokataliwa leo. Kabla hujampeleka, nisikilize. Nikimaliza, uamuzi ni wako. Wewe ndiye babake.

Unajua mimi ni mfupi. Hata leo sufuria ikiwekwa rafu ya juu, namwita jirani aniteremshie. Basi nilikuwa hivi hivi tangu utotoni. Mama yangu akinishonea nguo ya Idi alikuwa akipinda pindo kubwa kwa chini, akisema, "Utaikulia." Nguo zikachakaa, zikageuzwa matambara ya kupangusia meza, na pindo halijafunguliwa. Watoto wenzangu wa kijijini kwetu Munje walinitania na mimi nikawatania, hakuna aliyelala na kinyongo. Ufupi haukunisumbua mpaka siku hiyo ninayokusimulia.

Mwaka huo ndipo nilipofunga mwezi wa Ramadhani wote kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga mpaka adhuhuri, kisha naitwa jikoni napewa uji, na wakubwa wanasema, "Mashallah, umefunga," tunacheka. Safari hii nilifunga kweli. Kwetu, mtoto aliyetimiza mwezi alikuwa hahesabiwi tena na wadogo. Alipewa sehemu yake kwenye sinia la watu wazima, akaulizwa hali kama watu wanavyoulizana, na mashangazi wakamtaja kwa wageni. Baba yangu alifurahi kuliko wote. Aliniahidi katikati ya mwezi, nilipokuwa nimelala mkekani sina hata nguvu ya kufukuza nzi: "Ukimaliza, siku ya Idi nitakupeleka Msambweni ukapande bembea la Kassim pamoja na wakubwa."

Babu yako huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mwadhini wa msikiti wetu. Hakuwa mtu wa makuu, lakini alikuwa na sauti. Akimwita mtu apitishiwe chumvi, jirani anakuja na chumvi yake. Na alikuwa na tabia moja ambayo, samahani, naiona na kwako pia: akishasema jambo mbele za watu, hujui utamrudisha vipi.

Kassim alikuwa mtu wa Mombasa. Kila Idi alikuja na lori lake, akasimamisha bembea kwenye uwanja. Lilikuwa na mlingoti wa chuma, juu yake gurudumu kubwa, na kwenye gurudumu viti vimening'inizwa kwa minyororo. Injini kuukuu ilikuwa ikilizungusha, na likishika kasi viti vilitoka nje, watoto wakapita juu ya vichwa vya watu wakipiga mayowe. Kila kiti kilikuwa na chuma cha kufunga mapajani. Na kwenye nguzo ya kuingilia, Kassim alikuwa amepiga mstari wa rangi nyekundu. Kichwa chako kisipofika kwenye mstari, unakwenda kupanda farasi wa mbao wa kusukumwa kwa mkono, pamoja na watoto wanaonyonya vidole.

Nilivaa gauni jipya la satini la rangi ya waridi. Ilipofika zamu yetu nilisimama kwenye nguzo, nikanyoosha shingo mpaka ikaniuma. Kassim akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akakitelezesha mpaka kwenye nguzo. Mstari ulikuwa juu huko.

"Bado," akasema. "Aende kwa farasi."

"Huyu amefunga mwezi mzima," baba akasema.

"Alhamdulillahi. Lakini bado."

Hapo ndipo sauti ya baba ilipopanda. "Kassim, mtoto huyu Mwenyezi Mungu amemhesabu na wakubwa. Hakuonja hata maji, mwezi wote. Wewe na nguzo yako ni nani hata umhesabu na wadogo?"

Wauza kashata wakageuka. Vijana waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mtu mmoja akasema, "Mwadhini ana haki, mpandishe mtoto," na mwingine akaitikia. Hao, mwanangu, wapo kila mahali. Wanakupa haki upesi sana katika jambo ambalo madhara yake hawatayapata wao.

Kassim hakukasirika. Alikuwa mtu mnene, mwenye mafuta ya injini mpaka kwenye viwiko, na alizungumza polepole. "Saumu yake Mungu aipokee," akasema. "Mimi sisemi habari za saumu. Mimi nafunga chuma juu ya mapaja, na mapaja yake hayajakifikia. Njoo uone mwenyewe."

Akasimamisha watu, akazima injini. Akanibeba akanikalisha kwenye kiti kilicho karibu, akanifunga kile chuma mpaka kikabana pale mwisho wake. Kati ya chuma na mapaja yangu ungeweza kupitisha mkate mzima wa mofa. Akamwambia baba, "Simama hapa mbele. Kinga mikono." Kisha akakishika kiti nyuma, akakiinamisha vile kinavyoinama bembea likiwa na kasi.

Nilipita chini ya chuma kile kama kipande cha sabuni. Sikupata hata muda wa kupiga kelele. Satini yenyewe mpya, kiti chenyewe kimesuguliwa na makalio ya watoto miaka mingapi; nikajikuta nimo mikononi mwa baba, gauni limenipanda mpaka kidevuni, na moyo wake unagonga sikioni kwangu. Juu yetu vile viti vitupu vilikuwa vikicheza taratibu. Baba akavitazama, na aliyesema mwadhini ana haki hakusikika tena.

Ungedhani hapo ndipo jambo lilipoisha. Halikuisha. Baba alinishusha, akaanza tena kusema na Kassim, sasa kwa sauti ya chini, kwamba pengine wangenifunga kwa kitambaa, pengine ningepakatwa na mtu mkubwa. Hakuwa akitaka nipande tena. Alikuwa anatafuta namna ya kuondoka pale bila ya kuonekana ameshindwa. Mimi wakati ule sikulijua hilo, nilijua tu kwamba nimemtia aibu.

Ndipo nyanya yangu, mamake baba, alipoinuka kutoka alikokuwa ameketi na wauza achari. Alikuja akijifunga leso yake vizuri. Hakupaza sauti, maana hiyo sauti ya baba haikutoka kwake. Akamwambia:

"Athumani, tangu tufike hapa umesema na Kassim, umesema na watu, mpaka Mungu umemwingiza. Mtoto hujasema naye. Muulize."

Baba akachuchumaa. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumwona uso kwa uso. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe wataka kulipanda?"

Nikamwambia kweli. Nilikuwa nalitamani nikiwa Munje. Nilipoliona, tangu tunalikaribia, nilikuwa naogopa. Lakini alikwisha kusema mbele za watu kwamba mimi ni mkubwa, na niliona ni vibaya kumvunjia maneno yake. Ningepanda. Kama Kassim angekubali, wallahi ningepanda, nikafunga macho, na nisingemwambia mtu.

Baba alikaa vile vile amechuchumaa, akawa ananishusha gauni na kulinyoosha, ingawa lilikwisha kunyooka. Kisha akainuka akamtaka radhi Kassim, na akamtaka kwa sauti ile ile aliyogombea, uwanja mzima ukasikia. Katika mambo yote ya baba yangu, hilo ndilo ninalojivunia zaidi, kuliko hata adhana yake.

Utaniuliza kama nililipanda baadaye. Mwaka uliofuata sikufika kwenye mstari. Uliofuata huo nao, bado. Nilipoufikia nilikuwa msichana wa kujifunga buibui, na hamu yenyewe ilikuwa imekwisha. Sijafa kwa kulikosa bembea. Nimeolewa, nimezaa, nimekulea wewe, na ufupi wangu huu huu.

Sasa turudi kwa Idi ya leo. Nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi na kikapu cha mahamri, nikaona yote. Nimeona ubao wenye picha ya twiga, na mstari uliochorwa shingoni mwake, na Zuhura wetu amesimama pale kichwa chake kikifika kifuani mwa twiga. Umemwambia yule kijana wa getini, "Wewe umetoka bara juzi, leo wanipimia mtoto wangu?" Maneno hayo sikukufundisha mimi. Na yeye akakujibu kwa adabu, kwa ile lugha yao ya vijana wa Ukunda, "Pole buda, hata mtoi wa bosi akiwa mfupi hapandi." Buda kwao ndiye mzee, na mtoi ni mtoto. Shikamoo hakukupa, kweli, lakini jibu lake lilikuwa jibu zuri.

Najua kwa nini umeumia. Mwezi mzima ulikuwa kazini hotelini, unafuturisha wageni ambao hata hawafungi, na mwanao akifuturu bila ya wewe. Ulitaka siku moja iwe yake. Hilo nalielewa, na nilikuonea huruma pale ulipogeuka na tiketi mkononi. Lakini mwanangu, yule kijana hakujui. Hamjui Zuhura, hajui ukoo wetu, hana faida yoyote ya kumkinga, na amemkinga. Hamisi anakujua, amekula kwenye nyumba hii, na yeye yuko tayari kutazama kando mtoto wako akipandishwa kwenye kiti kisichomtosha. Mimi nakuuliza tu, kati ya hao wawili, rafiki yako ni yupi?

Kile chuma hakijui kujuana. Mtoto wa mwadhini kilimtema, na wa mfanyakazi wa hoteli kitamtema, na huko juu mimi na wewe hatutakuwapo kukinga mikono. Ukikataliwa mlangoni, usianze na aliyekukatalia. Chuchumaa kwanza, useme na mtoto. Mwambie, "Kiti hiki bado hakikutoshi," kama unavyomwambia kiatu kimekuwa kikubwa. Usimfanye aone kwamba amekosa. Ukimgombania ufupi wake mbele za watu, atauona ni ugonjwa, na atafanya lolote ili akupe furaha yako. Watoto ni hivyo. Wanatupenda kupita kiasi, na sisi tunawapandisha juu ya mapenzi hayo bila ya kupima kama yanawafunga vizuri.

Na liko jingine, ambalo sikutaka kukuambia mbele ya mkeo. Jioni hii, ulipokuwa msikitini, Zuhura alikuja jikoni akasimama kwa ncha za vidole kando ya jiko, amejishikilia kwenye meza. Nikamuuliza anafanya nini. Akaniambia anafanya mazoezi, kwa sababu babake amemwambia kesho akipimwa ainue visigino chini ya dera lake, na ami Hamisi hatatazama miguu. Kisha akaniuliza, na uso wake hauna mzaha hata kidogo: "Nyanya, nikishapimwa nitashusha visigino, au nikae hivi hivi mpaka kile kiti kisimame?"

Nilimwambia hilo ni swali la babake.

Basi yuko chumbani anakungoja, hajalala. Nenda ukamjibu. Ukishamjibu, kesho mpeleke popote penye mchezo unaomtosha, hata hapa nyuma ya nyumba, ukae naye wewe mwenyewe mpaka jua liingie. Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kumngoja akue, na Zuhura wetu amrefushie umri kwanza, kimo kije baadaye kwa wakati wake. Amina.