Nilimwita nesi mwizi kwa sababu ya dripu ya mwanangu njiti

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Jambo hili limenikaa kooni miezi mingi, leo nalitema. Sitaongeza chumvi, na penye aibu yangu sitaruka.

Mimi ni mnunuzi mdogo wa dhahabu pale machimbo ya Mwakitolyo. Familia iko mjini, Ngokolo. Wife alijifungua mtoto wetu wa pili kabla ya wakati, mimba ya miezi saba. Binti. Kilo moja na gramu mia moja themanini. Hospitali siitaji, maana wao hawana kosa.

Utumbo wake ulikuwa haujawa tayari kwa maziwa, ikabidi alishwe kwa mshipa. Mfuko wa dripu, mpira mwembamba, na kamashine kanasukuma kidogo kidogo.

Mimi kukaa siwezi. Nakaa benchi, nasimama, naenda getini, narudi, nachungulia kioo.

Kila asubuhi walimpima. Siku ya pili gramu zimeshuka. Ya tatu zimeshuka tena.

Sasa nieleweni. Kwenye kazi yangu mzigo ukipimwa jana, leo ukapungua, kuna mtu kapita nao. Hakuna maelezo mengine.

Siku ya nne mchana nikamwona nesi, dada mmoja mkimya, kautoa mfuko wa mwanangu ukiwa nusu, kaondoka nao. Nusu nzima! Kwetu hata marudio, yale matope yaliyokwisha kuoshwa dhahabu, yana mwenyewe na yanalindwa. Nikajua mwizi nimempata.

Nilimvaa koridoni mbele ya wazazi wote. "Chakula cha mwanangu unakipeleka wapi? Ndiyo maana anakwisha!"

"Baba Minza, naomba tuongee ofisini," alisema. Minza ni binti yetu mkubwa.

Nikakataa. Nikaenda moja kwa moja kwa wakubwa, nikaandika malalamiko. Wakamtoa zamu ili wachunguze. Nikajiona kidume.

Kumbe wodi ile wanaojua vizuri kuandaa dripu za namna hiyo walikuwa wawili tu, na mwenzake alikuwa likizo.

Kesho yake mfuko wa mwanangu ukachelewa. Wakamtundikia maji ya sukari peke yake. Ikapita saa moja, mbili, nne. Nikamfuata mkuu wa wodi, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama. Kwani sukari si chakula?"

"Marahaba. Sukari inampa nguvu, baba. Protini ndiyo inamjenga. Akiikosa, mwili unabomoa misuli yake wenyewe. Na ukimpa protini bila nguvu ya kutosha, anaichoma kama kuni, hakui. Lazima viende pamoja, kwa kipimo."

"Na zile gramu?"

"Siku za mwanzo wanapungua wote, mengi ni maji. Na mfuko ukishamaliza siku moja unamwagwa hata ukiwa nusu, maana vijidudu vinakipenda chakula kile. Yule nesi alitaka kukueleza hayo hayo ofisini."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa. Mwanangu alikuwa anajila mwenyewe mle ndani, na aliyemnyang'anya chakula ni mimi.

Nilikimbia kufuta malalamiko. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nimemsingizia mtu. Wife aliisoma ile karatasi, akanirudishia. Bora angenitukana.

Saa tisa alasiri nesi akarudi. Nilimsubiri mlangoni, maneno nimeyapanga. Alinipita. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda kuandaa mfuko.

Wiki ya pili uzito ukaanza kupanda. Leo binti yuko nyumbani, ananyonya mpaka jasho linamtoka.

Nilichojifunza: hospitali uliza kwanza, kelele baadaye. Na mwenye njiti asiridhike kuona dripu inadondoka tu, aulize ndani yake kuna nini. Wenye uzoefu au wataalamu mliomo humu, nirekebisheni nilipokosea.

Ila nina swali, mnijibu bila kunirembea. Siku ya kuruhusiwa nilimfuata yule nesi nikamwambia, "Dada, nisamehe."

Akasema, "Sogea kidogo baba, kuna mtoto anaingia."

Hapo nimesamehewa, au bado?